Sijasema Mbaya

Katika ukoo wa Bi Duni wa Micheweni, sifa kubwa kuliko zote aliyowahi kupewa mtu kwa kazi ya mkono wake ilikuwa maneno mawili: "Sijasema mbaya." Alipewa mara moja tu binti wa Bi Duni, mama yake Mize, mwaka wa themanini na moja, kwa kofia ya harusi aliyoishona miezi saba. Habari hiyo ilisimuliwa nyumbani kwao namna watu wengine wanavyosimulia hija ya babu yao. Alikuwapo nani, alikaa wapi, Bi Duni aliishika kofia kwa mkono gani. Mama yake Mize aliishi miaka ishirini na miwili baada ya siku hiyo na hakupata nyingine, wala hakuitaka. Moja ilimtosha.

Mize mwenyewe sasa ni Bi Mize, mwanamke wa miaka sitini na moja, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja ya kushonea na nyingine ya kutazamia watu. Anakaa Micheweni na mumewe, Mzee Pandu, aliyefanya kazi katika msitu wa Ngezi mpaka akastaafu, na ambaye sasa anafuga mbuzi wanne asiowapenda. Bi Mize hushona kofia za mkono. Kofia ya mkono, kwa asiyejua, ni mapande mawili ya kitambaa cheupe yaliyolaliana. Huchorwa maua kwa penseli, kisha hutobolewa vitobo vidogo kwa mamia, na kila kitobo huzungushwa uzi mpaka kisimame chenyewe. Kofia moja nzuri huchukua miezi mitatu. Ya Bi Mize huchukua mitano, na wenye kuzitaka huweka oda kabla binti hajachumbiwa.

Alianza akiwa na miaka saba. Bibi yake, Bi Duni, alimpa kipande cha ubavu wa kofia na uzi, akamwonesha mara moja, akaondoka. Baada ya wiki tatu Mize alikuwa na viua vitano. Akampelekea bibi yake alasiri moja, barazani. Bi Duni alikigeuza kile kipande, akatazama upande wa ndani, akamrudishia.

"Fumua," alisema. "Jua lingalipo."

Mize alifumua. Jua lilikuwapo kweli, na kazi ya wiki tatu ilimalizika kabla ya magharibi. Hakulia, au alilia kidogo. Hilo halina shahidi.

Tangu hapo maneno yale yakawa msemo wa nyumba nzima. Wali ukiungua, mtu akisuka nywele vibaya, mtoto akiandika barua ya kuomba nafasi ya shule na kukosea jina la mwalimu, atatokea mmoja aseme, "Fumua, jua lingalipo." Nao ulikuwa na wenzake. Ulikuwapo wa "Nywele zinaona," ambao Bi Duni alimjibu binamu mmoja aliyeuliza kuna haja gani ya kupamba ndani ya kofia wakati hakuna wa kupaona. Na ulikuwapo wa "Harusi isogezwe," uliotoka siku kaka wa bwana harusi alipokuja kuhimiza kofia akiwa bado hata hajakaa. Bi Duni alimwambia harusi isogezwe. Ikasogezwa wiki moja.

Kwa maneno hayo manne Bi Mize aliishi, na kwa hayo hayo aliwafundisha wanawake wa kikundi chake, kumi na wawili, waliokutana kwake Jumatatu na Alhamisi. Wengine walidumu. Wengine waligundua kwamba wana mwani wa kuangalia pwani.

Lakini alikuwapo mmoja ambaye Bi Mize hakumtaja alipofundisha, naye ni mdogo wake, Kazija.

Mwaka wa themanini na tano Kazija alikuwa na miaka ishirini na amechumbiwa na Soud, kijana wa Tumbe aliyekuwa akinunua dagaa pwani na kuuza bara. Akajitia kumshonea kofia ya harusi mwenyewe. Alishona miezi minne, na watu wakaona kwamba mtoto huyu, ambaye sindano alikuwa akiishika kama anayeshika nge, kumbe anaweza. Alipomaliza aliipeleka kwa Bi Duni. Kwa wakati huo kila mtu alishajua kwamba macho ya Bi Duni yamekwenda, hivyo bibi aliipapasa ile kofia na kusema, "Mpe Mize aione."

Mize akaiona. Akaigeuza, akahesabu, akafika mstari wa tatu, akakuta umepinda. Haukupinda sana. Kwa mtu aliyesimama mbele ya Soud usingeonekana, na kwa mtu aliyesimama nyuma yake vilevile. Lakini Mize alikuwa na miaka ishirini na miwili na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuambiwa na bibi yake atazame.

"Fumua," alisema. "Jua lingalipo."

Alikusudia mstari wa tatu. Kazija alikaa barazani akafumua kofia nzima, viua vyote, mpaka kikabaki kitambaa kilichojaa matundu, na uzi akauzungusha kwenye kijiti, akauweka mbele ya dada yake bila kusema neno. Soud alioa na kofia ya kununua iliyoletwa kutoka Mombasa. Kazija alihamia Tumbe, akazaa watoto watano, akafanya biashara ya dagaa pamoja na mumewe, na hakushika sindano tena. Kifungo cha shati kikikatika nyumbani kwake, anakishona Soud.

Dada wawili hawa hawakugombana. Walikwendeana kwenye misiba na kwenye harusi, walipelekeana futari, walisalimiana kwa simu kila Ijumaa. Ila Bi Mize hakuwahi kwenda Tumbe bila ya kuhisi, anapofika karibu na nyumba ya mdogo wake, kitu kama kokwa ya tende kimekwama kooni. Miaka thelathini na tisa alikwenda na kokwa yake na kurudi nayo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Khairat alipokuja na simu yake.

Khairat ni binti wa Kazija, mwalimu wa sekondari, mwanamke wa kuandika kila kitu. Alikuwa katibu wa kikundi cha Bi Mize ingawa hashoni, kwa sababu kikundi kilihitaji mtu wa kujibu barua. Alikuja siku moja baada ya adhuhuri, akasalimia, akakaa mkekani, akasema kuna maonyesho ya kazi za mikono Chake Chake baada ya miezi miwili na wamealikwa.

"Tupeleke kofia," alisema Bi Mize.

"Kofia tutapeleka, mama mkubwa. Lakini kofia kila kikundi kitapeleka. Mie nnafikiri tushone na vitambaa vikubwa vya kutundika. Tuchukue kanga kuukuu, tukate viraka, tuviunganishe, na katikati tutie maneno ya bibi. Moja kwa kila kitambaa. Watu wasome."

Bi Mize alifikiri. Kushona viraka hakukuwa kazi ya kwao, lakini mshono ni mshono.

"Viraka vikutane pembe kwa pembe," alisema hatimaye.

"Vitakutana."

"Na ndani pia."

"Na ndani pia, mama mkubwa. Sasa nambie, haya maneno, kila moja lilisemwa lini na kwa nani? Nataka niandike chini yake."

Bi Mize alimweleza aliyoyajua. Khairat alirekodi, kisha akasikiliza tena, kisha akasema kwamba tarehe haziko sawa, na kwamba wa kuuliza yupo bado hai. Hili lilikuwa kweli. Bi Chumu, binti wa mwisho wa Bi Duni, alikuwa Makangale, ana miaka themanini na nane, masikio mazito lakini kumbukumbu nyepesi. Bi Mize hakuwa amemwona tangu Idi.

Walikwenda Jumamosi, kwa bodaboda mbili, Bi Mize akiwa amebeba sukari na kitambaa cha buibui. Bi Chumu walimkuta ukumbini akisuka ukili wa mkeka, mkono unakwenda wenyewe na macho yanatazama mlangoni.

"Hodi."

"Karibuni. Nani?"

"Mize, mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda."

Yakafuata mambo ya afya, ya mbuzi wa Pandu, ya nani amekufa. Kisha Khairat akasogea karibu na sikio lake na kumweleza kwa sauti ya darasani shida iliyowaleta. Bi Chumu alisikiliza huku ukili ukizidi kurefuka.

"Maneno ya mama?" alisema. "Mama hakuwa na maneno. Mama alikuwa na kazi."

"Huu wa fumua, bibi. Fumua, jua lingalipo. Alianza kuusema lini?"

"Aa, huo." Bi Chumu alicheka kidogo puani. "Huo ulikuwa mwaka wa foleni. Uzi ulikuwa hakuna. Dukani hakuna, Wete hakuna, ukipata kibunda kimoja unakificha kama dhahabu. Na mama alikuwa na kofia ya mtu imebaki kidogo tu haijesha. Akakumbuka kuna uzi amempa mtoto achezee. Ndiyo akamwambia afumue. Na mafuta ya taa nayo yalikuwa ya shida, akaona afumue jua lingalipo, asije akawashiwa taa bure."

Khairat alikuwa ameacha kuandika. Bi Mize alikuwa anatazama kidole gumba cha Bi Chumu.

"Mtoto yupi?" aliuliza, ijapokuwa alijua.

"Weye. Kulikuwa na mtoto gani mwingine? Ulikaa pale na kipande chako mpaka ukamaliza, ukampa uzi wote. Mama kesho yake akaniambia, yule mtoto ana mkono. Viua vyake vizuri, imenisikitisha kuviharibu. Hakukwambia?"

"Hakunambia."

"Basi alisahau," alisema Bi Chumu. "Alikuwa na kazi."

Bi Mize aliipokea habari hiyo kama mtu aliyepewa barua yenye jina la jirani. Alitaka kuirudisha. Khairat, kwa kuwa ni mwalimu na swali likishaandikwa lazima liulizwe, akaendelea na la pili.

"Na wa nywele zinaona?"

"Hilo ni kweli alisema. Alikuwapo mteja, mtu mmoja wa Konde, ana vipele kichwani. Mafundo ya uzi yakamchoma, akarudisha kofia. Ndiyo mama akawa mkali na ndani."

"Na harusi isogezwe?"

"Ilisogezwa. Wiki moja. Bibi harusi akapata nafuu ya homa, ikawa heri."

"Na sijasema mbaya, bibi? Ule aliomwambia bibi yangu, kwenye ile kofia ya miezi saba?"

Bi Chumu alisimamisha ukili kwa mara ya kwanza.

"Mama alikuwa haoni," alisema. "Mwaka ule alikuwa haoni kitu, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na hataki watu wajue kwa sababu atanyang'anywa oda. Mie ndiye niliyekuwa nikimwongoza chooni. Akaletewa ile kofia na watu wamejaa. Atasema nini? Nzuri, hakuiona. Mbaya, hakuiona. Akasema, sijasema mbaya. Na kweli alikuwa hajasema."

Akaendelea kusuka. Baadaye kidogo aliuliza kama sukari ile waliyoleta ni ya punje kubwa au ndogo.

Bi Mize alipofika nyumbani alitundika buibui lake, akaosha miguu, akapika. Siku tatu hakushika kofia. Mzee Pandu aligundua siku ya pili, kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa tayari saa saba kamili, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wamuozeshe binti yao mkubwa.

"Unaumwa?" alimuuliza.

"Siumwi."

"Kofia ya yule bwana wa Wete?"

"Ipo."

Mzee Pandu alikula, akanawa, akakaa. Katika ndoa ya miaka arobaini alishajifunza kwamba swali la tatu ndilo linaloharibu, na akatoka kwenda kutazama mbuzi.

Kilichokuwa kikimsumbua Bi Mize hakikuwa bibi yake. Kwa bibi yake alishapita. Mtu hawezi kumlaumu mwanamke aliyekosa uzi kwa kutafuta uzi. Wala si yale maneno ya yule mtoto ana mkono, ingawa aliyarudia kichwani mara nyingi kuliko alivyoona ni heshima kwa mtu wa umri wake. Kilichomsumbua ni Kazija. Alikuwa amemharibia mdogo wake kofia ya harusi, na pengine mkono mzima wa kazi, kwa neno ambalo maana yake ilikuwa nirudishie uzi wangu. Kama lingekuwa neno la ubora, angalau angekuwa amemuumiza kwa jambo kubwa.

Siku ya nne alivaa buibui akaenda Tumbe.

Kazija alikuwa uani, amesimama juu ya dagaa waliotandazwa kwenye chanja, akiwageuza kwa ufagio mdogo. Alikuwa mnene kuliko dada yake na sauti yake ilizoea kusikika upande wa pili wa diko la wavuvi. Alishangaa, kwa sababu haikuwa Idi na hakuna aliyekufa.

"Kuna nini, dada? Pandu mzima?"

"Mzima. Nimekuja kukuona."

"Mie?"

"Weye."

Kazija aliweka ufagio, akamletea mbuzi ya kukunia nazi akae, kwa sababu viti vilikuwa ndani na vina nguo. Bi Mize akakaa juu ya mbuzi, magoti yamepanda juu, na akiwa katika hali hiyo akamsimulia mdogo wake yote aliyoyasikia Makangale. Hakuacha kitu. Alipofika kwenye kofia ya Soud alivua miwani.

"Nilikuwa mjinga," alisema. "Nilikusudia mstari mmoja. Ningekwambia mstari mmoja, ungeendelea kushona mpaka leo. Nimekuja kukutaka radhi."

Inzi wawili watatu walitua juu ya dagaa, na Kazija hakuwafukuza, jambo ambalo kwake halikuwa dogo.

"Umekuja kutoka Micheweni kwa hilo?"

"Kwa hilo."

"Dada, ile kofia haikumwenea."

"Haikumwenea nani?"

"Soud. Nilimpima kwa macho, nikiona haya kumshika kichwa, maana hata hatujaoana. Nilipomaliza nikampelekea kwa siri aijaribu, kabla sijaileta kwa bibi. Ikamkaa juu kama kikombe. Soud ana kichwa kikubwa, we humjui? Sasa nifanye nini? Miezi minne, watu wote wanajua, na kofia haimwingii bwana harusi. Nikaileta kwa bibi nikitafuta vya kusema. Weye ukaniambia fumua. Nikafumua yote upesi kabla hujabadili mawazo."

Bi Mize alivaa miwani yake.

"Na uzi ukauweka mbele yangu hukusema neno."

"Ningesema nini? Ningefungua mdomo ningecheka."

"Ukaacha kushona."

"Sikupenda kushona. Mgongo unauma, macho yanauma, na kila ukimaliza kuna mtu anageuza ndani. Nilipenda biashara. Na watu walipouliza kwa nini nimeacha, nikawa nasema dada yangu alinifumulisha kofia ya harusi. Wote walinihurumia. Mama mkwe alinihurumia mpaka akawa haniamshi alfajiri."

"Umewaambia watu hivyo?"

"Miaka mingi."

"Tumbe nzima?"

"Na Micheweni kidogo."

Bi Mize alikuja amebeba hatia yake kwa uangalifu wa mtu aliyebeba bakuli la mchuzi, na sasa ameambiwa bakuli lilikuwa tupu tangu awali na kwamba, juu ya hayo, amesengenywa. Alihisi afueni, na chini ya afueni ile alihisi hasira ndogo safi, ambayo ilimpa nguvu.

"Miaka thelathini na tisa," alisema, "nakuja hapa nashindwa kumeza chakula chako."

"Mie nilidhani hupendi dagaa."

"Kwa nini hukunambia?"

"Hukuuliza, dada."

Hilo lilikuwa kweli na hakuna cha kufanya nalo.

"Mstari wa tatu lakini ulikuwa umepinda," alisema Bi Mize.

"Ulikuwa umepinda," alisema Kazija. "Nilikuwa nimesinzia."

Walikula wali na dagaa wa nazi. Bi Mize alikula sahani mbili. Soud aliporudi alimkuta shemeji yake akimtazama kichwa kwa makini, na akadhani ana uchafu, akaenda kunawa.

Kazi ya vitambaa iliendelea, na Bi Mize akarudi kwenye kofia ya yule bwana wa Wete kwa kasi yake ya zamani. Wanawake wa kikundi waliona badiliko moja tu: mtu akikosea, Bi Mize alianza kuonesha mahali hasa palipokosewa, kwa ncha ya sindano, na kusema pafumuliwe mpaka hapa na hapa basi. Mmoja wao alikwenda kumuuliza Khairat kama Bi Mize ni mzima.

Khairat alikuja wiki moja kabla ya maonyesho na karatasi zake za kuweka chini ya vitambaa. Viraka vilikuwa vimeshakutana pembe kwa pembe, nje na ndani.

"Mama mkubwa, tuandike ipi? Tuliyoijua au ya Bi Chumu?"

"Ya Bi Chumu."

"Ya uzi?"

"Andika ya uzi. Na ya vipele andika, ila usitaje Konde, watakuja watu wa Konde."

Khairat aliandika. "Na sijasema mbaya?"

Bi Mize alikuwa akipitisha uzi kwenye sindano, na hilo huchukua muda siku hizi. Uzi ulipita mara ya tatu.

"Huo usiuweke."

"Lakini ndio mzuri kuliko yote. Watu watacheka."

"Ndiyo. Watacheka. Mama yangu alifurahi siku ile mpaka akapika pilau siku ya Jumanne. Usiuweke."

Khairat alikunja karatasi moja akaitia mkobani. Kitambaa cha nne, ambacho viraka vyake vilikuwa tayari, kilikwenda maonyesho bila maneno katikati, pameachwa peupe, na watu kadhaa walisema ndicho kilichowapendeza.

Kazija alikuja Chake Chake bila kualikwa, amevaa kanga mpya, akasimama nyuma ya meza ya kikundi kwa sababu hakuwahi kuona meza ya kuuzia akaweza kusimama mbele yake. Ndani ya saa moja alikuwa amepanga upya kofia, akaziondoa zile mbili nzuri kabisa akazificha chini, akawaambia watu kwamba zilizo nzuri zimekwisha. Watu wakaanza kuziulizia. Bi Mize alitaka kusema kwamba huo ni uongo, akakumbuka kwamba mdogo wake ana uzoefu na jambo hilo, akamwachia. Kabla ya adhuhuri kofia zote zilikuwa zimeuzwa. Kitambaa cha "Harusi isogezwe" kilinunuliwa na Bwana Muntasir, mfanyabiashara wa karafuu, ambaye kila mtu alijua anamwoza binti yake mwezi unaofuata kwa kijana ambaye yeye mwenyewe hamtaki. Alikikunja mwenyewe na hakuomba mfuko.

Tangu hapo Kazija ndiye anayewauzia kofia. Kila Jumanne hupita Micheweni na gari la mumewe, anachukua zilizokwisha, na kuzipeleka anakopeleka dagaa, Wete na Chake na mara nyingine hadi Unguja. Oda zimeongezeka. Wateja wawili wamelalamika juu ya harufu. Dada wawili walijadiliana barazani suala hilo kwa muda mrefu, kila mmoja na hoja zake, Mzee Pandu akasema atakwenda kutazama mbuzi, na ikakubaliwa kwamba kofia zikae mbele kwa dereva, juu ya mapaja ya Kazija, na madirisha yafunguliwe.